Loice na Antena ya Ntinda

Loice Nasike aliingia kwenye kazi ya antena kwa sababu fundi mmoja wa Wandegeya alikuwa na mikono miwili tu.

Ilikuwa mwaka 1990. Mumewe, Sifuna, alikuwa amepata ukarani katika kampuni ya malori ya mizigo iliyofanya safari kati ya Mombasa na Kampala, naye Loice akafunga virago huko Webuye akamfuata, mtoto wao Wangila akiwa mgongoni. Alikuwa na cheti cha ufundi wa umeme. Lakini kila ofisi aliyobisha hodi ilimtazama mara mbili, kwanza kwa kuwa mwanamke, kisha kwa kuwa Mkenya, ikamwambia apite tena wiki ijayo. Siku hiyo hakuwa anatafuta kazi hata kidogo. Alikuwa amepeleka redio kaseti ya nyumbani itengenezwe katika kibanda kilichokuwa nyuma ya soko.

Fundi alikuwa ameshika chuma cha kulehemu kwa mkono mmoja na lehemu kwa mkono wa pili, na kijiwaya alichotaka kukiunga kinamponyoka kila akikikaribia. Loice alitazama mara tatu, nne, akashindwa kuvumilia. Akazunguka meza, akakibana kile kijiwaya kwa kucha za vidole viwili, akakituliza pale pale. Fundi alisogeza chuma chake. Alilehemu, akapuliza, ndipo akainua macho.

"Umejifunza wapi kushika hivyo?"

"Chuoni, mzee. Halafu kwa kuungua."

Fundi alicheka. Jina lake Abubaker, Mnubi wa Kibuli, ambaye babu yake aliletwa na Waingereza kutoka Sudan akiwa askari. Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa redio jeshini miaka ya sabini, serikali ile ilipoangushwa akakimbilia uhamishoni, na vita vya 1986 vilipotulia akarudi nyumbani hana kitu ila ufundi wake. Mjini wakati ule watu wengi walikuwa bado wakisikia Kiswahili wanakumbuka wanajeshi waliokisema kwenye vizuizi vya barabarani, kwa hiyo Abubaker alikizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi. Sasa mbele yake alisimama mama wa watu anayekizungumza kwa sauti ya sokoni, bila wasiwasi wowote.

"Basi kaa," alimwambia, akimsogezea kigoda. "Na kesho pia njoo ukae."

Alikaa. Alianza kwa kushika nyaya, akaja kutengeneza redio, kisha televisheni, na mwishoni akapanda juu ya mapaa ya watu kufunga antena, suruali ya Sifuna ikiwa chini ya sketi. Antena ndizo zilizomteka. Redio ilikuwa na vipande mia moja vya kuharibika, lakini antena ilikuwa waya tu, au bomba la alumini lililokatwa kwa kipimo, na kipimo kikiwa sawa sauti ya mtu aliye mbali ilitoka hewani ikaingia chumbani. Loice hakuzoea jambo hilo hata baada ya miaka. Abubaker alimfundisha yote aliyoyajua bila kumbania hata moja, na asipojua jambo alisema, "Hapo mimi sijui, Mama Wangila. Tujaribu."

Mwaka 1994 shirika moja la misaada lenye ofisi Ntinda liliwaita. Lilikuwa na magari mawili ya wagonjwa, na lilihudumia zahanati ndogo ndogo zilizotawanyika kuelekea Luweero na kwingineko, mahali ambapo vita vilikuwa vimeacha barabara mbovu na nyumba zisizo na paa. Simu hazikufika huko. Zahanati zilikuwa na redio koli, zile ambazo mtu anabonyeza kitufe akisema na kukiachia akisikiliza, na pale Ntinda alikaa Zulaika, muuguzi wa Kibuli ambaye kila mtu alimwita musawo, yaani daktari kwa Kiganda, akiwasikiliza wote na kutuma gari panapohitajika.

Tatizo lilikuwa la kiwanja. Redio ya namna hiyo inahitaji masafa ya juu mchana na masafa ya chini usiku, kwa sababu anga inayorudisha mawimbi chini hubadilika jua likizama. Masafa ya juu yanataka waya mfupi, ya chini yanataka waya mrefu. Penye uwanja mpana ungefunga antena mbili, tatu, ukamaliza. Kiwanja cha Ntinda kilikuwa kama ukanda, jirani huku na jirani kule, na palitosha milingoti miwili tu.

"Basi tutafunga waya mmoja unaobadilika," Loice alisema.

Alichora nyuma ya kalenda ya zamani. Kila mkono wa antena ungekatwa vipande vinne, na kila panapokatwa pangekaa rilei, swichi ndogo inayofunguliwa na kufungwa kwa umeme kutoka mezani kwa Zulaika. Ukiunga vipande vyote antena inarefuka, ukivikata inafupika. Kwa hiyo wangepata urefu wa namna nne. Abubaker aliutazama ule mchoro, macho yakamng'aa kama kijana.

"Na tukiweka waya mwingine mfupi unaokingama hapa," alisema, "tunaweza hata kugeuza upande. Sauti iende zaidi magharibi, au kaskazini."

"Rilei mbili zaidi."

"Mbili tu! Ni nini mbili?"

Walifanya kazi ile kwa furaha ambayo Loice aliikumbuka maisha yake yote. Walizitia rilei ndani ya makopo, wakaziba kwa lami, wakapitisha nyaya za kuziongoza kandokando ya antena mpaka dirishani. Siku ya kujaribu, mshale wa mita ya kupimia nguvu inayorudi ulilala chini kwenye kila hatua, dalili kwamba karibu nguvu yote ilikuwa inatoka kwenda hewani. Bwana Okullo, mkuu wa ofisi, aliwapa mkono wote wawili. Zulaika alikabidhiwa kisanduku chenye kitufe cha kuzungusha na swichi za pembeni, akakigeuza geuza mikononi.

"Hii yote ni ya nini, nnyabo?" aliuliza, akimwita "mama" kwa Kiganda.

"Ni ya kukupa sauti kila upande, musawo."

"Haya," alisema Zulaika. "Mimi nataka tu wanisikie."

Loice hakulipa neno hilo uzito wowote.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri. Kisha vikaanza visa vidogo vidogo. Nyigu walijenga ndani ya kopo moja. Unyevu ukaingia kwenye lingine, rilei ikawa inashika leo na kesho inagoma. Zahanati mbili zikasema sauti ya Ntinda haikuwa kubwa kama walivyotarajia. Loice alipima upya, akagundua kwamba zile nyaya za kuziongoza rilei, kwa kuwa zilitambaa kandokando ya antena, nazo zilikuwa zinayanyonya mawimbi. Mita haikuwa imedanganya, nguvu ilikuwa inatoka redioni kweli, ila si yote iliyokuwa inafika angani. Akaongeza koili, waya uliozungushwa mizunguko mingi, za kuzizuia zile nyaya. Koili zikataka makopo mengine, na makopo yakataka lami nyingine. Kila wiki alikuwa juu ya mlingoti wa Ntinda, na kila aliposhuka mitambo ilikuwa imeongezeka.

"Utazoea kulala huko juu," Sifuna alimtania. Loice hakucheka.

Masika ya mwaka uliofuata ikapiga radi moja karibu na ile nyumba. Haikuipiga antena yenyewe, lakini ilitosha. Zulaika ndiye aliyewasimulia asubuhi yake, ameketi kwenye kiti cha ofisi, bado na kitambaa cha kichwani cha zamu.

Mkunga wa zahanati moja ya mbali alikuwa amemwita. Kulikuwa na mama aliyekwama katika uchungu tangu mchana. Zulaika alimsikia kwa shida, kama mtu anayeongea chini ya blanketi, lakini kila alipojibu, mkunga alirudia tu, "Ntinda, Ntinda, hamnisikii?" Alizungusha kitufe hatua zote, akazirudia tena. Hakusikika. Akatuma gari bila kuweza kumwambia mkunga kwamba gari linakuja. Mkunga naye, akidhani hakuna msaada, alimfunga mama kwenye machela na watu wakaanza kumbeba kuelekea barabara kuu.

"Wangeweza kupita njia nyingine," alisema Zulaika. "Kuna njia mbili kule. Dereva aliona taa ya kandili. Mungu tu. Mtoto amezaliwa hospitalini, wako wazima wote wawili."

Loice alikuwa amesimama. Akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya sanduku la betri. Walipopanda kukagua walikuta rilei tatu zimeyeyuka, mkono mmoja wa antena ukiwa mrefu na wa pili mfupi.

Bwana Okullo hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. "Ni nani aliyechora kitu hiki?" aliuliza.

Kabla Loice hajafungua kinywa, Abubaker alijibu, "Tulikichora wawili, bwana."

Walirudi Wandegeya. Mbele ya kibanda Abubaker alinunua chai na chapati kwa mama mmoja wa pale, akamwekea Loice mkononi, akangoja mpaka amekula nusu.

"Waya wa kugeuza upande niliuongeza mimi," alisema.

"Mengine ni yangu, mzee. Nilitaka iweze kila kitu." Akaiweka chapati chini. "Yule mama angekufa."

"Hakufa. Wewe na mimi tutashukuru, halafu tutarudi kazini. Usije ukaacha kuja, Mama Wangila. Ukiacha nitakufuata nyumbani kwako nimwambie Sifuna unavyolehemu vibaya ukiwa na hasira."

Loice alicheka huku analia. Baadaye alikuwa akisema kwamba mtu mwingine yeyote siku ile angemfukuza, au angemhurumia, na vyote viwili vingemmaliza.

Waliteremsha kila kitu. Loice sasa alikuwa amejaa woga. Alifunga waya mmoja mtupu, uliokatwa kwa masafa ya mchana, usio na rilei wala kopo. Ulifanya kazi bila kuguswa. Jua likiwa juu, zahanati zote ziliingia safi, na Loice akaanza kulala usingizi. Lakini mwezi haukuisha kabla Zulaika hajafika Wandegeya kwa miguu yake, akaingia kibandani na kuegemea meza.

"Nnyabo, sasa umeniharibia kwa upande mwingine."

"Vipi, musawo?"

"Mchana ni vizuri sana. Jua likizama wananipotea wote. Na wewe unajua akina mama wanazaa saa gani."

Loice alilijua jibu la kitaalamu, kwamba waya uliokatwa kwa masafa ya mchana hauwezi kuyabeba ya usiku. Alilijua hata siku alipoufunga, akajidanganya kwamba utasaidia saidia hata usiku. Lakini sasa alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kazi hiyo ianze. Alimvutia Zulaika kigoda, akamwuliza.

"Ile antena ya kwanza, ulikuwa unatumia nini hasa?"

"Mchana na usiku."

"Na hatua zile nyingine?"

"Ah." Zulaika alitazama mlangoni kama mwanafunzi aliyeshikwa na kosa. "Ukitaka ukweli, nilikuwa nazungusha tu mpaka nisikie mtu."

"Na swichi za kugeuza upande?"

"Hizo sikugusa kabisa! Niliogopa nitaharibu."

Abubaker aliweka chini bisibisi yake. Alianza yeye kucheka, kisha Loice, kisha Zulaika mwenyewe, mpaka mwuza nyanya wa jirani akachungulia kuona kuna nini.

Kesho yake Loice alikwenda Ntinda asiguse chochote. Alikaa kando ya Zulaika kutwa nzima, akimtazama. Alimwona akiandika kwa mkono wa kulia na kuzungusha kwa kushoto bila kuangalia. Aliona kwamba mtu akiita kwa shida, Zulaika hana nafasi ya kufikiri kuhusu swichi. Zahanati zile zilikuwa mbali kwa kutofautiana, lakini si kwa tofauti kubwa kiasi cha kuhitaji hatua nne. Hatua mbili zingezitosha karibu zote. Zahanati mbili au tatu zingesikika zikiwa na mikwaruzo kidogo wakati wa magharibi, jua linapozama na anga haijaamua kuwa mchana au usiku. Zamani mikwaruzo hiyo isingempa Loice usingizi. Sasa alimwuliza Zulaika kama anaweza kuishi nayo.

"Mikwaruzo nimezoea. Kunyamaza ndiko siwezi."

Mchoro mpya ulikuwa na rilei mbili tu, moja kila mkono. Na humo Loice alitia fikra yake yote. Alichagua rilei ambazo zikiwa hazina umeme hukaa zimeunga, ili antena iwe ndefu, yaani ya usiku. Umeme ulihitajika mchana tu, kuzifungua na kuifupisha. Betri ikifa, waya ukikatika, rilei ikichoka, antena ingerudi yenyewe kwenye hali ya usiku na kubaki hapo. Nyaya za kuziongoza hakuzipitisha tena kandokando ya antena. Alizishusha wima kutoka kila rilei, mbali kadiri ilivyowezekana. Hilo liliondoa sehemu kubwa ya unyonyaji, ingawa si wote, naye akauacha uliobaki ulivyo. Abubaker alishughulika na kinga ya radi, akachimbia fito za shaba ardhini mpaka mikono ikapasuka.

Ilibaki ruhusa. Bwana Okullo alikuwa ameshaulizia watu wengine, na Loice hakumlaumu. Alikwenda ofisini kwake na mchoro, akasimama mlangoni, akamkuta Zulaika keshatangulia.

"Nimemwambia huyu mama alikuja akakaa na mimi siku nzima," Zulaika alisema. "Wale wengine wote waliotaka kazi hii wameniuliza redio iko chumba gani, basi."

Okullo aliuchukua mchoro. "Ni kidogo sana kuliko wa kwanza."

"Ndiyo, bwana," alisema Loice. "Haufanyi yote uliyofanya wa kwanza. Jioni kutakuwa na zahanati zitakazosikika kwa shida, sitakuficha. Lakini ukiharibika, hauharibiki wote."

Okullo alifikiri, akamtazama Zulaika, akamrudishia Loice karatasi yake. "Fungeni," alisema.

Walifunga. Mvua zilikuja zikapita. Siku moja mkata nyasi wa pale uani alikata kwa panga waya uliopeleka umeme kwa rilei zote mbili, akaufukia kwa aibu bila kumwambia mtu. Zulaika aliona tu kwamba mchana sauti imekuwa dhaifu, ila gizani kila kitu ni sawa kabisa, na magari yaliendelea kutoka kama kawaida. Walipokuja kuligundua, Loice alikaa pale chini kwenye nyasi akiwa ameshika ncha mbili za waya, akashukuru kwa sauti, kwa Kibukusu, lugha ya mama yake. Mkata nyasi alidhani anatukanwa, akaomba msamaha mara tatu.

Baada ya hapo kazi zilikuja nyingi. Mashirika mengine yalisikia, na wanafunzi wa chuo kikuu cha jirani nao walizoea kuja kukaa kibandani na maswali yao. Loice aliwapokea kama alivyopokelewa. Kila aliyekuja na mchoro wenye swichi nyingi hakumvunja moyo, maana aliijua furaha ile. Alimwuliza tu ni nani atakayeitumia, na kama ameshakaa naye.

Mwaka 1997, yeye na Sifuna walipohamia nyumba kubwa kidogo huko huko Ntinda, Loice alisema hawezi kulala humo kabla ya kuwaita Abubaker na Zulaika kwa mlo wa shukrani. Sifuna alikubali akaenda kununua kuku. Alikuwa kuku hai, kwa sababu Loice alimwomba Abubaker aje mapema amchinje mwenyewe, ili yeye na Zulaika wale bila wasiwasi. Abubaker alichinja, akaosha mikono, akakaa sebuleni kama mkwe. Palikuwa na ugali wa Sifuna, matoke aliyoleta Zulaika, na sukuma wiki.

Kabla ya kula Loice alisimama. Kanisani alikuwa hodari wa kutoa ushuhuda, lakini hapa alianza mara mbili.

"Mimi nilikuja mji huu sina mtu," alisema. "Nilibisha kila mlango. Mzee huyu hakuniuliza cheti. Na siku nilipokosea, kosa kubwa la kuweza kuua mtu, alisema tulikosea wawili. Nami sijawahi kumshukuru kwa hilo, kwa sababu kila nikianza ananituma lehemu." Akamgeukia Zulaika. "Na wewe, musawo, ulikuwa na haki ya kunichukia. Ukaja kwa miguu kuniambia bado haijawa sawa. Ungekaa kimya ningekuwa mpaka leo naamini nimemaliza. Mungu awape."

Zulaika alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. "Kwa miguu kwa sababu sikuwa na nauli, nnyabo," alisema, wote wakacheka.

Abubaker alikuwa amekazia macho sahani yake. Alikohoa. "Mimi niliporudi kutoka uhamishoni," alisema polepole, "kulikuwa na watu hapa mjini wakinisikia nasema Kiswahili wanavuka barabara. Wewe ulivuka ukaja upande wangu wa meza. Kwa hiyo mambo ya kushukuru usijifanye unayo peke yako." Akavuta ugali. "Sifuna, sema sala yenu, kuku anapoa."

Sifuna alisali, fupi. Walikula mpaka alasiri, Abubaker akisimulia redio za jeshini zilizobebwa na punda. Zulaika ndiye aliyeinuka kwanza, kwa kuwa zamu yake ilikuwa inaanza. Loice alimfungia mapaja mawili ya kuku kwenye bakuli lenye mfuniko, akamsindikiza mpaka getini, wakasimama pale wakiongea habari za mtoto wa dada yake Zulaika aliyetaka kusomea uuguzi, hadi Zulaika akasema sasa atachelewa kweli, akaondoka na bakuli lake kwenda kazini.